Klachi ya feni kwenye lori la zamani: thibitisha ubovu kwanza, kisha badilisha

Lori likichemsha kwenye foleni, au likipanda mlima taratibu na mzigo, kisha likapoa lenyewe mara linapopata barabara tupu, mshukiwa wa kwanza ni klachi ya feni, yaani kifaa kinachoishikisha feni na injini au kuiachia. Likitulia mwendo wa polepole lakini likachemsha likiwa mbio, iache klachi. Tazama rejeta iliyoziba, thermostati iliyokwama, mpira wa chini wa rejeta unaojibana, au gasketi ya silinda hedi. Gari likienda kilomita 70 au 80 kwa saa, upepo wa mwendo peke yake karibu unatosha kupoza rejeta. Feni inahitajika pale upepo huo unapokosekana.

Laiti tofauti hiyo ingezingatiwa, klachi nyingi nzima zisingetupwa. Klachi iko mbele, inaonekana, inafunguka bila shida, basi inabebeshwa lawama ya kila joto linalopanda. Ipime kwanza. Vipimo vyake havitaki zaidi ya mikono miwili, kipande cha kaboksi na kipimajoto.

Klachi inayozungumziwa hapa ni ile ya mafuta ya silikoni, inayokaa kati ya wota pampu (pampu ya maji ya injini) na feni kwenye pikapu na malori mengi ya zamani. Malori makubwa ambayo klachi yake hushikishwa kwa upepo wa kompresa yana vali na mipira yake, na vipimo vyake ni vingine kabisa.

Kilichomo ndani

Hakuna sahani zinazosuguana kama kwenye klachi ya giaboksi. Kuna sahani yenye mifereji inayozungushwa na puli, na kuna kasha la aluminiamu lenye mifereji inayoingiliana na ile ya sahani bila kugusana. Feni imefungwa kwenye kasha. Kinachobeba nguvu kutoka sahani hadi kasha ni mafuta mazito ya silikoni yanayojaa kwenye nafasi hizo nyembamba. Mafuta yakiwepo, kasha linaburutwa na feni inazunguka kwa nguvu. Yakiondoka, sahani inazunguka karibu peke yake.

Kinachoamua mafuta yawepo au yasiwepo ni springi bapa iliyojikunja kama springi ya saa, inayoonekana usoni mwa klachi, upande unaotazama rejeta. Imetengenezwa kwa metali mbili zinazotanuka tofauti. Hewa inayopita kwenye rejeta ikiwa ya moto, springi inajinyonga na kufungua kimlango kidogo, mafuta yanatoka kwenye hifadhi na kuingia kwenye mifereji. Hewa ikipoa, kimlango kinafungwa na mafuta yanarudishwa kwenye hifadhi. Kwa klachi nyingi ushikaji huanza hewa ya kwenye springi inapofika kati ya nyuzi 65 na 80 za Selsiasi. Kumbuka kwamba hayo ni joto la hewa, si joto la maji ya injini.

Klachi iliyoshika vizuri huizungusha feni kwa takriban asilimia 70 hadi 90 ya kasi ya puli. Iliyoachia hubaki kwenye asilimia 20 hadi 30. Pengo hilo lina maana kubwa, kwa kuwa feni ikiongezewa kasi mara mbili hula nguvu ya injini mara nane. Ndiyo maana klachi iliyokamata moja kwa moja huonekana kwenye matumizi ya mafuta na kwenye uzito wa gari mlimani.

Kagua injini ikiwa baridi

Zima injini, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri. Anza kwa macho.

Tazama uso wa klachi na nyuma yake, kwenye shingo inayoelekea wota pampu. Mafuta ya silikoni yakivuja hutupwa nje na mzunguko, vumbi linayanasa, na unaona mistari myeusi inayotoka katikati kuelekea pembeni kama miale. Unyevunyevu mdogo kuzunguka beringi si hoja ya kubadilisha peke yake, lakini mistari minene yenye tope la mafuta inamaanisha mafuta yametoka, na klachi iliyopoteza mafuta haiwezi kushika. Kisha tazama springi. Wakati mwingine imejaa udongo uliokauka kiasi kwamba haiwezi kujinyonga, au ncha yake imetoka kwenye kishikizo chake. Udongo usugue kwa brashi laini na maji bila kuikunja springi, halafu pima upya kabla ya kununua chochote.

Sasa izungushe feni kwa mkono. Klachi nzima ina ukinzani laini, kama unakoroga asali. Ikiwa injini imelala usiku kucha, ukinzani utakuwa mkubwa zaidi kwa sababu sehemu ya mafuta imetiririka kwenye mifereji. Ukiisukuma mara moja nayo ikazunguka raundi tatu au zaidi kama feni ya mezani, mafuta hayapo au hayatoshi. Ukishindwa kabisa kuizungusha bila puli kwenda nayo, imekamata. Ukisikia mkwaruzo au kuhisi vijimawe, beringi imekwisha, hata kama inashika vizuri.

Shika ncha za mapanga mawili yanayokabiliana, utikise feni mbele na nyuma. Mchezo unaozidi milimita 6 hivi kwenye ncha ni mwingi. Ila usihukumu bado: weka mkono wa pili kwenye puli ya wota pampu utikise tena. Puli ikitulia, beringi mbovu ni ya klachi. Puli ikicheza pamoja na feni, beringi mbovu ni ya wota pampu, na klachi mpya haitakusaidia. Vifaa hivi viwili huuana. Klachi inayoyumba huchosha beringi ya pampu, na pampu inayoyumba huchosha klachi. Ukikuta kimoja kimekufa kwa kuyumba, kichunguze kingine kwa ukali uleule.

Malizia na mapanga yenyewe. Pitisha kidole kwenye mashina, pale panga linapoungana na kitovu. Feni yenye ufa, iwe ya plastiki au ya chuma, haichomelewi wala haigundishwi. Panga likikatika kwenye mwendo mkali hupasua rejeta na boneti, na linaweza kuua aliyesimama karibu. Hapa hakuna cha kuokoa; feni hiyo inatupwa.

Kagua injini ikiwa moto

Kipimo cha baridi hukamata klachi zilizokufa kabisa. Klachi iliyochoka, inayoshika nusu, hujificha hadi ipate joto.

Zima kiyoyozi. Hakikisha maji ya rejeta yamejaa injini ikiwa bado baridi, kwa maana kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto. Funga mikono ya shati, vua tai au mtandio, na usisimame usawa wa mapanga feni ikizunguka. Simama pembeni, nyuma ya mstari wa feni.

Ziba uso wa rejeta kwa kaboksi ili hewa isipite kwa wingi. Kipimajoto chenye waya kipitishe kwenye matundu ya rejeta ncha yake itokeze kidogo karibu na springi, ukiifunga imara isiweze kufika kwenye mapanga. Washa injini uishikilie kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika. Mara tu baada ya kuwasha utasikia ngurumo inayotulia ndani ya dakika moja au mbili. Hayo ni mafuta ya usiku yanarudi kwenye hifadhi. Joto liache lipande, jicho likiwa kwenye geji. Klachi nzima itashika: ngurumo ya upepo inarudi, kubwa na nzito, na kipimajoto kinaonyesha hewa iliyo kwenye nyuzi ilizopangiwa. Toa kaboksi, na baada ya dakika chache hewa inapoa na ngurumo inapungua.

Kama kipimajoto kimevuka nyuzi 90 na feni bado inapepea tu, zima. Klachi haishiki. Geji ya injini ikikaribia alama nyekundu, zima hata kama hujamaliza. Klachi haina thamani ya silinda hedi.

Kuna njia nyingine ya haraka. Injini ikiwa moto na feni ikinguruma, mwambie msaidizi azime huku wewe ukitazama kutoka pembeni. Feni iliyoshikwa husimama karibu pamoja na injini. Feni inayoendelea kujizungukia raundi kadhaa haijashikwa na kitu. Mwenye takometa ya mwanga (kipima mizunguko) hahitaji kubahatisha: apime kasi ya feni na kasi ya puli, agawanye.

Wapo wanaosukuma gazeti lililokunjwa kwenye feni inayozunguka ili waone kama itasimama. Usifanye hivyo. Feni iliyochoka itasimama, ni kweli, lakini feni nzima italivuta gazeti pamoja na mkono.

Klachi nzima inayosingiziwa

Hapa ndipo wengi hupotea. Springi inasoma hewa inayoipiga, haisomi geji ya dereva. Rejeta ikiziba kwa ndani sehemu ya katikati, mirija ya pale inabaki ya uvuguvugu, na hewa inayofika kwenye springi ni ya uvuguvugu pia. Injini inachemka, feni haishiki, na klachi haina kosa lolote. Ukiweka klachi mpya, tabia itabaki ileile.

Chukua kipimajoto cha kuelekeza, injini ikiwa moto na imezimwa, upime uso wa rejeta sehemu kwa sehemu. Joto linatakiwa lishuke polepole kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Ukikuta eneo la baridi lililozungukwa na maeneo ya moto, mirija ya hapo imeziba. Kazi iko kwenye rejeta.

Shraudi, yaani kava linaloizunguka feni, nalo huondolewa na kusahaulika likivunjika. Bila shraudi feni hunyonya hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Tope na nyasi kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta hufanya madhara hayohayo, na kutokea mbele hazionekani. Na kama maji ya rejeta yanatoa mapovu mfululizo injini inapowaka, acha kuhangaika na feni; hiyo ni hewa ya silinda inayopita kwenye gasketi.

Kuifunga kwa boti

Klachi ikishindwa kushika, mafundi wengi hutoboa kasha na kuifunga na sahani kwa boti ili feni izunguke moja kwa moja. Ukikwama mbali, inakufikisha, endapo utaendesha kwa mizunguko ya chini. Kama suluhisho la kudumu ni baya. Feni ambayo haikutengenezwa kuzunguka kwa kasi kamili ya puli inalazimishwa kufika huko kila dereva anapokanyaga, mashina ya mapanga yanapasuka, beringi ya wota pampu inabeba mzigo usio wake, na mafuta ya kuendeshea gari yanaliwa safari nzima. Boti hizo zenyewe huharibu mizani ya feni. Lori lililokuja na klachi lirudishiwe klachi.

Kabla ya kununua mpya

Usinunue kwa jina la gari pekee. Malori ya zamani yamebadilishwa injini, pampu na feni mara nyingi. Ilinganishe na ya zamani mezani: kimo kutoka uso unaofungwa kwenye pampu hadi uso unaofungwa feni, kipenyo cha tundu la katikati, umbali kati ya boti, aina ya nyuzi kama ni ya kusokota, na upande inaozungukia. Ikizidi kimo kwa sentimita moja tu, feni inaweza kugusa rejeta. Ikipungua, feni inarudi nyuma na kutoka ndani ya shraudi. Panapochaguliwa kati ya klachi ya kazi nyepesi na ya kazi nzito, lori linalobeba mzigo lipewe nzito.

Tangu inatoka dukani, ihifadhi ikiwa imesimama kama inavyokaa garini. Ikilazwa kwa siku kadhaa, silikoni hutiririka kuelekea beringi na kuvujia hapo. Ikiwa ililazwa, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuifunga.

Kuitoa

Injini iwe baridi, betri imechomolewa. Andaa spana namba 10, 12 na 13, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), dawa ya kulainisha kutu, na kaboksi ngumu ya ukubwa wa rejeta. Kaboksi hiyo iingize kati ya feni na rejeta kabla hujagusa nati yoyote. Mirija ya rejeta ni laini, na panga moja likiteleza linatosha kuitoboa.

Fungua boti za shraudi uirudishe nyuma juu ya injini. Ikiwa mpira wa juu wa rejeta unazuia, mwaga lita chache za maji kwenye chombo safi kwanza, kisha uuchomoe.

Klachi hushikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni nati nne kwenye puli ya wota pampu, kawaida za spana namba 10 au 12. Zilegeze kabla ya kulegeza mkanda, kwa sababu mkanda uliokaza ndio unaokuzuilia puli isizunguke. Mkanda ukiteleza, ukandamize kwa kiganja wakati unavuta spana. Baada ya nati zote kulegea ndipo uulegeze mkanda na kuzimalizia kwa vidole. Stadi, yaani boti isiyo na kichwa, ikitoka pamoja na nati yake, si janga. Itenganishe mezani na uirudishe.

Namna ya pili ni nati moja kubwa, mara nyingi milimita 32 au 36, inayosokotwa kwenye shafti ya pampu. Hapa watu huvunja vitu kwa kuzungusha upande usio wenyewe, maana baadhi zina nyuzi za kulia na nyingine za kushoto. Kanuni ni hii: nati hufunguka kuelekea upande uleule ambao feni huzunguka injini ikiwaka. Ilipangwa hivyo makusudi, ili ukinzani wa feni uzidi kuikaza badala ya kuilegeza. Zuia puli kwa kishikio maalumu au kwa bapa la chuma linaloegemea vichwa viwili vya boti zake, nyunyizia dawa ya kutu, subiri robo saa, kisha ipige spana pigo moja kavu kwa nyundo. Pigo la ghafla hulegeza kuliko kuvuta kwa nguvu, na halichoshi beringi ya pampu.

Toa feni na shraudi kwa pamoja. Kwenye malori mengi moja haipiti bila nyingine. Kabla ya kutenganisha feni na klachi, andika kwa kalamu nyeupe neno "mbele" kwenye uso unaotazama rejeta. Feni ikirudishwa kinyume bado itavuta hewa upande uleule, ila kidogo sana, na utaanza kuilaumu klachi mpya.

Nafasi ikiwa wazi, zungusha shafti ya pampu kwa mkono. Isikike kimya, isiwe na mchezo, na tundu dogo chini ya shingo yake lisiwe na alama ya maji. Kama ina dalili, badilisha pampu leo.

Kuifunga mpya

Safisha uso wa puli hadi chuma kionekane. Kutu iliyobaki upande mmoja huilaza klachi kidogo tu, na kidogo hicho kwenye ncha ya panga ni mtikisiko mkubwa. Funga feni kwenye klachi kwanza, boti zote kwa vidole, kisha kaza kwa msalaba. Kitabu cha gari kikikosekana, boti za M6 (unene wa milimita 6) zitosheke na Nm 9 au 10 kwenye spana ya toki, na za M8 na Nm 20 hadi 25. Kasha ni aluminiamu, nyuzi zake hazisamehe mkono mzito.

Ingiza feni na shraudi pamoja, kaboksi ikiwa bado mahali pake. Ile ya nati kubwa ianze kwa kuizungusha klachi yenyewe kwa mkono angalau raundi tatu kabla ya spana. Ikikwama mapema, nyuzi zimepishana, rudi nyuma. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye nyuzi za shafti ili siku nyingine ifunguke. Ile ya nati nne, zikae zote kwanza, rudisha mkanda na uukaze, kisha kaza nati kwa msalaba.

Funga shraudi, toa kaboksi, na uizungushe feni kwa mkono raundi kamili. Kati ya mapanga na rejeta pawe na angalau milimita 25. Kati ya ncha na shraudi nafasi iwe sawa pande zote, kama milimita 15 hadi 25. Ikiwa ndogo chini na kubwa juu, tazama raba za kushikilia injini, huenda zimelala. Panga liwe limeingia ndani ya shraudi nusu hadi theluthi mbili ya upana wake.

Kuongeza mafuta badala ya kubadilisha

Klachi zenye skrubu kuzunguka kasha zinafunguka, na kama beringi ni nzima na tatizo ni upungufu wa silikoni tu, zinaweza kujazwa. Zilizobanwa kwa kukunjwa kingo hazifunguki. Unene wa silikoni hupimwa kwa cSt (sentistoki), na Toyota kwa mfano huiuza kwenye tyubu za mililita 18 za unene tofauti, ikiwemo 3,000, 6,000 na 10,000. Tumia unene uliopangiwa klachi yako. Ukiijaza kupita kiasi haitaachia kamwe. Mafuta ya injini au grisi hayafai hata tone: hayabebi nguvu inayohitajika, na huharibu sili.

Kuijaribu

Rudisha maji, toa hewa, washa. Sikiliza mkwaruzo kwa dakika moja ukiwa pembeni, kisha rudia kipimo cha kaboksi mwanzo hadi mwisho na uandike nyuzi ilizoshikia; namba hiyo itakufaa siku utakapoishuku tena. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, injini ikishapoa, pitia nati zote kwa spana ya toki.

Kesho yake asubuhi fungua boneti kabla ya kuwasha. Ngurumo ya feni itakuja mara moja, nzito, na ndani ya dakika moja au mbili itashuka hadi usikie injini yenyewe. Klachi hiyo inashika, na inaachia.